Charahani ya zamani inakoroga uzi: anzia wapi kabla hujagusa nati ya tensheni

Kumi la mwisho la Ramadhani ndo msimu wa simu yangu. Huyu kanzu ya mtoto imekataa, yule dera la sikukuu, mwengine ana sare za skuli za watoto watatu, na wote wananitumia picha ile ile, juu mshono umenyooka mzuri, ukigeuza chini uzi umejikoroga mafundo mafundo kama mshipi ulioshikana ndani ya kapu. Na wote wana neno moja, "tensheni imekufa", yaani ule mkazo wa uzi. Nikiuliza ushafanya nini mpaka saa hii naambiwa nimekaza nati, haikusaidia nikailegeza, nikakaza tena, nikaona labda chini nikageuza na ile skrubu ndogo ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, sasa hata mwanzo ilikuwa wapi sikumbuki. Haya, ulikuwa na tatizo moja sasa unayo matatu.

N'na charahani mbili. Moja Singer nyeusi ya mkono ya marehemu bibi, zile ambazo chini hazina bobini ya duara, zina kifimbo kirefu kinachokaa ndani ya chuma chenye umbo la mtumbwi. Ya pili Butterfly ya miguu, mkono wa pili, nilinunua kwa mtu Jang'ombe. Za umeme sizisemi vibaya, lakini waliokuwepo wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilivyokaa gizani miezi mitatu, na nguo zilishonwa vile vile, kwa mikono na miguu. Hizi mashine ni chuma. Kiwanda cha Singer cha Clydebank kule Scotland kilifungwa 1980, kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka pale ishapita miaka arubaini, na bado zimejaa majumbani zinashona. Chuma chenyewe hakina shida, shida ni uchafu, kutu, sindano na namna tulivyopitisha uzi, ndo maana ile nati mie huigusa mwisho kabisa.

Nani anamvuta nani

Mshono una nyuzi mbili, wa juu unatoka kwenye sindano, wa chini unatoka kwenye bobini, na kila pahala sindano iliposhuka zinashikana. Zikivutana sawa lile fundo linazama katikati ya vitambaa viwili, hulioni juu wala chini. Mmoja akizidi nguvu anamburuta mwenzake upande wake, kama watoto wanavyovuta kamba. Kwa hiyo ukiona uzi wa juu umeburutwa mpaka chini, mnyonge ni wa juu. Hapa ndo wengi wanapotea, wanaona fujo iko chini wanahangaika na bobini masaa mawili, na mgonjwa yuko juu anawatizama.

Kabla ya chochote fanya jaribio. Uzi mwekundu juu, mweusi chini, unene mmoja na aina moja, na vipande viwili vya kitambaa kile kile utakachoshona, sio karatasi wala sio kitambaa kimoja peke yake. Shona kama shubiri moja kisha kiangalie kwenye mwanga. Nukta nyeusi zinachungulia juu: wa juu umekaza sana au wa chini umelegea. Vitanzi vyekundu chini: wa juu umelegea au hauko pahala pake. Kila rangi imebaki upande wake na kitambaa hakijasinyaa: huna tatizo la tensheni, tafuta jengine.

Chini mafundo, mpaka charahani inakwama

Hii ndo kubwa kuliko zote kwa hiyo ntakaa hapa.

Toa uzi wa juu wote, wote kabisa mpaka kwenye koni. Nyanyua mguu. Ndio, mguu wa charahani unaobana kitambaa, unyanyue juu kwa ule mkono wa nyuma, halafu ndo upitishe uzi upya. Kwani nini? Vile visahani viwili vinavyoubana uzi wa juu vinafunguka mguu ukiwa juu na vinajifunga mguu ukiwa chini. Ukipitisha uzi mguu uko chini, uzi hauingii katikati, unakaa juu ya kingo za visahani, haubanwi na chochote, na hapo hata ukaze nati mpaka ikatike meno, chini yatakuwa mafundo tu. Nnaapa hili peke yake limeshamaliza simu nyingi zangu kabla hata mtu hajamaliza kueleza.

Ukishapitisha, jipime hivi. Mguu juu, vuta uzi karibu na sindano, unateleza vizuri. Shusha mguu, vuta tena taratibu, lazima ugome na sindano ipinde kidogo kukufuata. Ikiwa ni sawa mguu juu na mguu chini basi visahani havifanyi kazi, endelea kusoma.

Jengine, tizama ule mkono unaopanda na kushuka pale mbele, wenye tundu. Uzi umepita ndani ya tundu lake? Umechomoka? Ukiruka pale charahani inakoroga chini pale pale, mshono wa pili wa tatu ishakwama. Wakati wa kuanza kushona zungusha gurudumu mpaka mkono huu uwe juu kabisa, na zishike ncha za nyuzi zote mbili kwa nyuma mishono mitatu minne ya mwanzo, maana mafundo ya mwanzo tu wa mshono mara nyingi sio ugonjwa, ni ncha zilizoachwa zikavutwa ndani.

Ikiwa uzi uko sawa na bado, safisha visahani. Mguu juu. Chukua ukanda mwembamba wa kitambaa cha pamba, mie nachana kwenye khanga kuukuu, rovya kidogo kwa spiriti, upitishe katikati ya visahani uwe kama unapiga mswaki, mbele nyuma, mbele nyuma. Utaona unatoka mweusi. Mara nyengine kinatoka kipande cha uzi kilichokatikia humo tokea enzi za mwenye nayo wa mwanzo, kipande hata nusu inchi hakifiki, lakini kinatosha kuviacha visahani wazi unene wa unywele mmoja. Usitie mafuta hapa. Mafuta ni ya vyuma vinavyosuguana, hapa tunataka uzi ukwame kidogo, ukitia mafuta unateleza na nguo ya harusi inapata doa.

Kipini kilichonila pesa

Sasa hii ndo iliyonipata mie na ile Butterfly. Nimefika nayo nyumbani, nimeisafisha, nimepitisha uzi mguu juu, kila kitu, na chini bado mafundo. Nakaza nati inafika mwisho, hakuna tofauti. Nikaita fundi, akaitizama dakika mbili akanambia tensheni nzima itolewe itiwe mpya, elfu hamsini, nikampa. Kaja na mpya kaitia, kashona mbele yangu ikashona, kaondoka. Baada ya wiki moja ugonjwa ule ule umerudi.

Nikakaa nayo usiku nimeshika tochi. Ile nguzo inayobeba visahani ina mpasuko katikati, na ndani yake kuna kipini chembamba kama kijiti cha kiberiti kimepungua. Ukinyanyua mguu kipini kinasukumwa nje, kinavitanua visahani. Ukishusha mguu kinatakiwa kirudi ndani, visahani vijifunge. Changu kilikuwa hakirudi. Kutu na mafuta yaliyoganda yamekishika pale pale nje, kwa hiyo mguu uko chini lakini visahani vinaamini mguu uko juu. Fundi alivyotia mpya alikisukuma kwa mkono kikarudi, baada ya siku kadhaa kikanasa tena. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mashine, na hicho alichobadilisha kilikuwa kizima.

Dawa yake ilikuwa matone mawili ya mafuta ya taa kwenye tundu la kipini, nikakiacha usiku kucha, asubuhi nikakitoa kwa kikoleo, nikakisugua kwa msasa laini kabisa mpaka kikang'ara, nikafuta tundu kwa uzi uliorova spiriti, nikakirudisha kikavu. Sasa nikinyanyua mguu nakisikia, tak, nikishusha, tak. Nawe sikiliza yako. Simama pembeni yake, tizama visahani, nyanyua na ushushe mguu mara kumi. Kama visahani havichezi, au vinacheza vikienda lakini havirudi, ushampata mwizi. Na wapo waliowahi kuifungua charahani yao wakakipoteza kipini, wakachomeka msumari mrefu kuliko unavyotakiwa, hapo visahani havitojifunga milele.

Ukilazimika kuifungua tensheni ya juu

Usiifungulie juu ya kitanda wala barazani. Tandika taulo jeupe ndani ya sinia, maana springi yake ikiruka kwenye sakafu utaitafuta mpaka Isha. Piga picha kila ukitoa kitu kimoja, na vipange kwenye taulo kwa mfuatano uliotokea. Mashine hazilingani, lakini nyingi zinakwenda hivi: nati ya kukazia, kisha springi yenye umbo la mzinga wa nyuki, kisha kidude chembamba chenye ufito katikati ambacho ndo kipini kinakisukuma, kisha visahani viwili. Zile zenye namba zina na duara lake la namba na kidude cha kulizuia. Na ipo springi moja ya waya mwembamba inayochomoza na kuushika uzi, hiyo usiipinde hata kwa kuifurahia.

Visahani vinageuziana migongo, upande uliobinuka unaangaliana na uliobinuka, ili kingo zibaki wazi uzi ujiingize wenyewe. Ukiviweka kama sahani ndani ya sahani uzi hauingii. Vikiwa na kutu, na hapa kwetu na hewa hii ya chumvi vitakuwa na kutu, Brasso ile ya kusafishia misumari ya milango inafanya kazi, sugua mpaka ukucha upite bila kukwama, kisha osha kwa spiriti mpaka isibaki rangi wala harufu. Msasa mkali usitie kwenye visahani, mikwaruzo ndo itakuwa inakata uzi.

Uzi wa chini unachungulia juu

Uzi wa juu umelala umenyooka kama waya, ukiuvuta unatoka wote mshono ukafunguka. Hapa sasa juu kumekaza au chini kumelegea.

Juu mara nyingi sio nati. Ni uzi unazuiwa njiani. Zile koni kubwa tunazonunua Mchangani hazikuumbwa kwa kile kijiti cha juu ya charahani, zinazunguka kwa tabu, zinavuta na kuachia. Weka koni ndani ya kikombe nyuma ya mashine, upitishe uzi kwenye kitu kirefu juu yake, hata kama ni waya wa hanga umeupinda, uzi uwe unatoka kwa juu. Ikiwa unatumia kigurudumu kile cha zamani cha mti, kipitishe kidole ukingoni, kikiwa kimebanguka uzi unanasa pale kila mzunguko. Na vile vipete vyote vinavyopitisha uzi vitizame, vyenye kutu visugue.

Chini, toa kikombe cha bobini. Kwanza bobini imekaa kwa upande gani? Uzi ukiuvuta unatakiwa uingie kwenye mpasuko halafu urudi nyuma chini ya springi, sio uteleze moja kwa moja ukatoka. Geuza bobini kinyume uone tofauti, mkono wenyewe utahisi. Pili, ile springi bapa ubavuni, chini yake ndo kunakojificha vumbi la uzi. Chukua pembe ya karatasi ngumu, kadi ya harusi inafaa sana, ipitishe chini ya springi kwa mwelekeo ule ule uzi unaotokea. Sindano au pini usitie, utaikwaruza na kuitanua.

Halafu kipime kikombe kwa kukining'iniza. Tia bobini, shika ncha ya uzi, acha kikombe kining'inie hewani, na mkono mwengine ukae chini yake kikianguka. Kikiwa sawa kinakaa. Ukiutikisa mkono kidogo kinashuka vidole viwili vitatu kisha kinasimama. Kikiteleza mpaka chini chenyewe, kimelegea. Ukitikisa mpaka umechoka hakishuki, kimekaza. Hapo sasa, na hapo tu, ndo unaruhusiwa bisibisi. Kuna skrubu mbili pale kwenye springi, ya ukingoni ni ya kuishikilia, ya katikati ndo ya kukaza. Chora alama ya wino kabla hujagusa, zungusha robo, pima tena. Robo, usizidishe. Skrubu yenyewe fupi, mizunguko miwili ishaanguka na ukiipoteza hakuna ya kuichomeka badala yake.

Mtumbwi wa Singer ya bibi nao una springi kama hiyo juu yake, uchafu wake ule ule na dawa yake ile ile, ila kifimbo kikijazwa uzi mpaka kinagusa chuma hakizunguki tena.

Mzuri, mbaya, mzuri, mbaya

Unashona shubiri mbili safi, inakuja vitanzi, inatulia, inaanza tena. Ukiwa na huu acha nati kabisa maana nati haibadilishi rai kila dakika.

Tizama bobini. Imejazwa upande mmoja mlima upande mmoja bonde? Imejazwa kwa mkono, haikubanwa, ukibonyeza inabonyea kama mandazi? Imepinda? Iweke juu ya kioo uisukume, ikiyumba itupe. Usijazie uzi mpya juu ya wa zamani, na isijae mpaka ukingoni. Kisha umbo lake, kuna bobini za mashine za kiwandani zinafanana na zetu ukizitizama kwa mbele lakini ni nyembamba, ndani ya kikombe cha Butterfly zinacheza kushoto kulia, na hapo mshono unafanya utakavyo.

Ikiwa bobini haina kosa irudie ile springi ya waya mwembamba kwenye tensheni ya juu. Kazi yake ni kuushika ulegevu wa uzi wakati sindano inashuka, mpaka tundu la sindano likaribie kitambaa. Zungusha gurudumu kwa mkono uitizame, inatakiwa ipande ishuke na uzi kila mshono. Imelala tu, au imekatika ncha, vitanzi vitakuja na kuondoka na hutojua kwa nini. Hii kununua mpya sio ghali na inafaa ununue.

Inaruka mishono, inakata uzi

Hapa nitapita haraka. Kuruka mishono mara nyingi sio tensheni, ni sindano. Imepinda, imechoka, au imeingia kinyume. Sindano ina upande wenye mfereji mrefu na upande wenye bapa juu. Uzi unaingia kutokea upande wa mfereji, na bapa linaangalia upande ambao ncha ya shato, kile chuma cha chini kinachoudaka uzi wa sindano, inapita. Hujui shato inapita upande gani? Toa kibati cha chini ya mguu, zungusha gurudumu kwa mkono, angalia. Isukume sindano mpaka juu kabisa kabla hujakaza. Na soma pakiti, charahani zetu za nyumbani zinataka HAx1, ile yenye bapa. Zile za duara zote, DBx1, ni za mashine za kiwandani, wauzaji wanazichanganya kwenye kibati kimoja. Namba 11 kwa vitambaa laini kama voili, 14 kwa poplini na khanga, 16 kwa khaki na jinzi. Uzi mnene kwenye sindano namba 11 utakatika, na utasema tensheni.

Kukata uzi: sindano kwanza, kisha uzi wenyewe, ule wa zamani kwenye kopo la biskuti ushike kwa mikono miwili uukate, ukikatika kimya kimya bila kupigana ushaoza, tumia kushikizia. Kisha pitisha kidole kwenye tundu la kibati cha chini, sindano zilizowahi kugonga pale zinaacha mikwaruzo yenye makali. Sugua kwa msasa laini sana uliozungushiwa kijiti.

Kitambaa kinajikunja mshono mzima, hasa vitambaa vyepesi: hapa nyuzi zote mbili zimekaza, zinavutana sawa kwa hiyo jaribio la rangi linakudanganya, kila rangi iko kwake lakini nguo inasinyaa. Legeza juu na chini zote, kidogo kidogo, na fupisha mshono.

Shato, na habari ya mafuta ya nazi

Kwenye Butterfly na ndugu zake, sindano iwe juu kabisa, toa kikombe cha bobini, utaona vishikio viwili pembeni vya duara la chuma. Vifungue kwa nje, duara linatoka, shato inafuata, ina umbo la mwezi mchanga. Nyuma yake utakuta vumbi la uzi limejishindilia mpaka limekuwa kama pamba ya mto, na vumbi hilo linanyonya unyevu, msimu wa masika linakaa limerova siku nzima linakula chuma. Ondoa lote kwa mswaki mkavu. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Tafuta na kipande cha uzi kilichojifunga, kipo karibu kila mara. Futa, tia tone moja tu la mafuta kwenye ukingo wa shato pale inaposuguana na duara, rudisha, zungusha kwa mkono mara tatu kabla hujakanyaga. Ikigoma usilazimishe, umeirudisha kinyume.

Mafuta yawe ya charahani, yale meupe mepesi. Nimeshapewa mashine hazizunguki kabisa, nauliza mlitia nini, naambiwa mafuta ya nazi, bibi alikuwa anatia. Sasa bibi simgombezi lakini chupa ya mafuta ya nazi dirishani asubuhi ya kipupwe inaganda nyeupe, fikiria ndani ya chuma kinafanya nini, na yasipoganda yanageuka gundi kwa miaka. Ya kupikia vile vile. Iliyoshika gundi hivo inatiwa mafuta ya taa kwenye matundu yote ya mafuta, mbali na jiko, izungushwe kwa mkono taratibu, ilale, ifutwe, irudiwe, na mwisho ni lazima itiwe mafuta ya charahani maana mafuta ya taa yanasafisha tu, yakikauka chuma kinabaki kitupu. Mwanzo shonea vitambaa vya ovyo mpaka yaache kutoa madoa.

Ukimaliza kushona usiache mguu umebana bila kitambaa, weka kipande cha kitambaa cha pamba chini yake, na ifunike kwa kitambaa, sio kwa mfuko wa plastiki. Plastiki inafungia unyevu ndani, hasa ukikaa karibu na pwani.

Umefanya yote na bado

Sasa gusa nati ya juu. Mguu uwe chini, ndo visahani vinabana. Chini ushapima kwa kuning'iniza kwa hiyo chini hukugusi tena, unacheza na juu peke yake. Geuza kidogo, shona jaribio la rangi mbili, tizama, geuza tena. Zenye namba, uzi wa kawaida na poplini nyingi zinakaa katikati, 4 au 5, ikiwa yako inataka 9 kushona poplini rudi kwenye kipini.

Na ikiwa hata hapo haikukaa sawa, tizama kikombe cha bobini kwa mwanga wa mlango. Kilishaanguka kwenye sakafu ya saruji? Kikianguka mara moja tu kinaweza kupoteza duara lake, kwa macho hakionekani, lakini bobini inazunguka nusu rahisi nusu nzito. Zungusha bobini ndani yake kwa kidole utahisi. Hicho hakitengenezwi, nenda Darajani ununue chengine, na ubebe kile cha zamani na bobini yako mfukoni, uvilinganishe pale pale juu ya kaunta, uingize bobini yako ndani ya kikombe kipya uizungushe, uning'inize kwa uzi mbele ya muuzaji, wakikupa kinachocheza rudisha, hata wakikwambia zote ni sawa.